Kinachotumaliza sio sare za harusi, ni nyumba isiyoisha

Mhariri, salaam na pole na kazi.

Naandika kujibu ile makala ya ukurasa wenu wa uchumi iliyosema sisi watu wa pwani tunazeeka maskini kwa sababu tunapenda raha. Mwandishi katutajia sare za harusi, madera, supu ya pweza ya jioni, mpira wa Mkwakwani, na mwisho akashauri kila mwenye mshahara aweke nusu benki, starehe aje azifanye akishastaafu. Mi nimeisoma nikacheka kwanza, halafu nikakasirika kidogo, halafu nikaona bora niandike manake haya mambo nayaona kila siku mezani kwangu.

Kazi yangu ni hesabu, kwenye SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wafanyakazi hapa Tanga. Fomu za mikopo zote zinapita mkononi mwangu. Kwenye fomu kuna mstari unauliza dhumuni la mkopo, na mtu anayetaka kumjua mfanyakazi wa Tanga anatumia hela yake wapi asikae barazani kuhesabu madera ya watu, asome ule mstari. Hamna aliyewahi kuniandikia pweza. Hamna aliyeandika mpira, na mnajua wenyewe Wagosi wa Kaya wanavyoipenda Coastal yao. Wanaandika ujenzi, wanaandika ada, wanaandika ujenzi tena, mmoja matibabu ya mama, halafu ujenzi, ujenzi, ujenzi.

Kwa hiyo mwandishi wenu kakosea mtuhumiwa. Anadhani ugomvi ni kati ya akiba na starehe, kwamba mtu akipunguza starehe akiba inaongezeka. Kwetu huku kuna mtu wa tatu kakaa katikati anakula vyote viwili, naye ni nyumba. Nyumba kubwa, ya fensi, inayojengwa miaka ishirini.

Ngoja nieleze inavyokwenda maana kila mtu anaijua ila hatukai chini tukaipigia hesabu. Mtu anaajiriwa, akifika thelathini na kitu anapata kiwanja, Kange huko au Pongwe au Maweni. Anachora ramani, na ramani haiwi ndogo hata siku moja, vyumba vinne, kimoja masta, sebule, dainingi, jiko, stoo, baraza mbele na baraza nyuma. Mkopo wa kwanza unaingia kwenye msingi. Anamaliza kulipa baada ya miaka mitatu, anachukua wa pili, anapandisha boma mpaka linta. Hapo inasimama kwanza, ada zimeanza. Boma linanyeshewa, matofali ya juu yanaanza kumong'onyoka, anarudi kwangu na fomu, ujenzi, anapaua. Bati likishapanda anashukuru Mungu kwelikweli lakini ndani bado hamna kitu, sakafu, plasta, umeme, madirisha, jipsamu, marumaru, na ile marumaru lazima ifanane na ya jirani. Nauli ya likizo ambayo serikali inampa mtumishi aende kwao kuwaona wazee nayo inageuka mifuko ya saruji. Saruji yenyewe inatengenezwa hapahapa Pongwe, mtu anaishi nayo jirani lakini inamkausha kama imetoka ng'ambo.

Sasa huyu mtu muulize alikula raha gani. Mapango ya Amboni yako kilomita nane tu kutoka mjini, wazungu wanapanda ndege kuja kuyaona, na ninao wanachama wa miaka hamsini na kitu waliozaliwa Makorora ambao hawajawahi kuwapeleka watoto wao. Raskazone kuogelea na familia, hamna. Lushoto, unafika Mombo unapanda mlima, umefika kwenye baridi na matunda, hamna. "Tukimaliza nyumba tutakwenda." Na akiba muulize, hana vilevile. Zile hisa na akiba zake kwangu zimekaa tu kama dhamana ya mkopo wa mara tatu yake, hawezi kuzigusa. Kwa hiyo hakustarehe na hakuweka. Mtu huyu mwandishi wenu hakumweka kwenye makala yake kabisa, kaandika kana kwamba duniani wako wachumi wa aina mbili tu, mbanaji na mtumbuaji.

Halafu kinakuja kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu.

Hili naomba nilikalie kidogo maana ndipo nyumba na pensheni zinapokutana, na watu wengi wanalipigia kelele bila kuona namba. Zamani mtumishi aliyekuwa mfuko wa PSPF au LAPF alikuwa akistaafu anachukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo, nusu inayobaki inalipwa kila mwezi mpaka afe. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikaunganishwa ikawa PSSSF, zikatoka kanuni za kushusha mkupuo mpaka asilimia 25, watu wakapandwa na hasira nchi nzima, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja hesabu nyingine, asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikaongeza, wale waliokuwa wanapata nusu wakapelekwa 40, wale ambao mfuko wao zamani ulikuwa ukitoa 25 wakapelekwa 35.

Chukua mtumishi wa miezi 360, yaani miaka thelathini kamili, na wastani wa mshahara wake kwenye ile miaka mitatu bora ni milioni moja kwa mwezi. Kwa hesabu ya zamani, miezi unagawa kwa 540, unazidisha na mshahara wa mwaka, unazidisha na 15.5, unachukua nusu, anaondoka na milioni 62 na kila mwezi anapata kama laki tatu na elfu thelathini na tatu. Kwa hesabu ya 2022 unagawa kwa 580, unazidisha na 12.5, unachukua asilimia 33, mkupuo ni milioni 30 na laki saba hivi, na mwezi laki nne na kumi na tano. Kwa asilimia 40 ya sasa mkupuo ni milioni 37 na laki mbili, mwezi laki tatu na sabini na mbili. Msiniulize nimezipata wapi, chukueni kalkuleta mpige wenyewe.

Sasa hasira ya watu naielewa na siwezi kuibeza. Mtu kaahidiwa 62 anaambiwa 30, hata angekuwa nani angelia, kwanza mchezo umebadilishwa katikati ya mpira. Lakini tujiulize ile 62 ilikuwa inasubiriwa kufanya nini. Mi nawajua waliokuwa wanaisubiri. Ilikuwa inasubiriwa kumalizia nyumba! Fensi, geti la kusukuma, marumaru ya vyumba vya nyuma, pevu za uani, na lile deni la mwisho la kwangu. Miaka thelathini ya kukatwa mshahara, mwisho wake geti. Na mtu akishaweka geti anakaa ndani na mkewe, watoto wako Dodoma na Dar, vyumba vitatu vimefungwa, popo wameingia darini, na anaanza kuishi kwa laki tatu na kitu pamoja na umeme wa taa za fensi.

Kinachomnunulia mzee dawa ya presha na samaki wa jioni ni ile ya kila mwezi, na hiyo ndiyo hakuna anayeigombania. Sijawahi kuona mtu anafika ofisini ananiuliza pensheni yangu ya mwezi itakuwa ngapi. Wanauliza mkupuo, mkupuo, mkupuo.

Na mkupuo sisi Tanga tunaujua kuliko wengi, ni vile tu tumesahau. Wazee wetu wa mkonge walikuwa kwenye NPF, mfuko ulioanzishwa 1964, na ule haukuwa na pensheni ya mwezi, ukistaafu unapewa chako chote mara moja basi tumeagana. Miaka ya themanini bei zikapanda kila mwaka vibaya mno, shilingi ikashuka, na mtu aliyekatwa tangu mkonge uko juu alikuja kupewa hela ambayo ilikuwa imeshakwisha maana kabla hajaishika. Mpaka 1997 ndo ikageuzwa NSSF, pensheni ya mwezi ikaanza. Wale wazee wa mashambani lakini, jamani, walicheza. Tanga ya bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hamtamdanganya mtu kwamba ilikuwa Tanga ya kubana matumizi. Wazee wangu wakikaa kuhadithia hizo Jumamosi uso unabadilika. Pensheni hawakuiona ila ujana waliuona. Kizazi changu ndo naogopa kisije kikakosa vyote viwili, na bado kitaambiwa kilipenda raha.

Kuna kitu kingine cha nyumba za zamani nataka mwandishi wenu akitazame siku akija huku. Nenda Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Utaona nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, uani choo na jiko. Bibi mwenye nyumba anakaa chumba kimoja cha mbele, vitano kapangisha. Hajasoma uwekezaji popote lakini kila mwezi watu watano wanamletea kodi mkononi, na wapangaji ndo wanaomchotea maji na kumpeleka hospitali ya Bombo akiumwa usiku. Ile nyumba ilikuwa pensheni. Imeanza kulipa tangu bibi ana nguvu zake, kodi ya chumba cha kwanza ndo imemalizia cha pili. Sisi wasomi tukaiona ya kishamba, tukaenda kujenga nyumba ya fensi ambayo haipangishiki chumba kwa chumba, yaani ukitaka kodi lazima utoke wewe mwenyewe ukapange kwingine, na mlangoni tumeweka mbwa. Halafu tunasema nyumba ni uwekezaji. Uwekezaji gani unaokuletea bili tu? Kama unataka nyumba ya kukaa sema ni nyumba ya kukaa, mi sina tatizo, kulala kwako bila kugongewa na mwenye nyumba ni raha kubwa nayo, ila basi jenga ya kukutosha, vyumba viwili sebule na choo cha ndani, uimalize kwa mkopo mmoja au miwili, uhamie ungali kijana, hela inayobaki ifanye kazi nyingine. Mbona hakuna sheria inayosema lazima masta.

Turudi kwenye sare maana mwandishi zimemkaa kooni. Ni kweli zinakula hela. Kwa mwaka mwanamke wa Tanga anaweza akawa na shughuli nyingi, singo, kichenipati, sendofu, harusi yenyewe, arobaini ya mtoto wa shoga yake, na kila moja ina kitambaa chake na fundi wake na mchango wake. Kuna wanaopitiliza, wapo wanaokopa kwa sare, hao siwatetei. Lakini mwandishi anaiona sare ni kitambaa tu. Mwanamke aliyekwenda shughuli za wenzake siku akifiwa haitishi mtu, anaona tu majirani wamefika na sufuria, mchele umeletwa, mwingine kashika mtoto, mwingine kashika daftari la rambirambi. Na aliyejifungia miaka kumi na tano akijenga, kila akiitwa ana udhuru, na msibani kwake utaona mwenyewe. Hiyo nayo ni akiba ya uzeeni, na upweke wa mstaafu ni ugonjwa ninaouona kabisa, wanakuja ofisini kwangu bila shida yoyote, wanakaa tu kwenye benchi kuuliza habari za riba. Kwa hiyo sare ziwe na bajeti, sawa, kwa mwezi kiasi fulani, ikiisha imeisha, mwenye shughuli ya pili utamwendea na dera lako la mwaka jana na zawadi. Atakuchukia? Basi hakuwa shoga yako.

Na kama mwandishi anatafuta starehe ya kulaumu kwa nini hakugusa kubeti? Kurasa nzima hakuna neno. Vijana wa boda pale stendi ya Kange wanaweka mikeka asubuhi kabla hawajanywa chai. Au ni kwa sababu hawavai madera.

Sasa nisije nikaonekana napinga akiba, mi nakula kwa akiba za watu. Ninachokataa ni hili la nusu mshahara na kwamba raha ni ya wazee. Kwanza nusu haiwezekani. Kijana aliyesoma kwa mkopo wa bodi anakatwa asilimia 15 kabla hajaiona hela, halafu asilimia 5 ya PSSSF kama ni mtumishi wa umma, au 10 mara nyingi kama yuko NSSF, bima ya afya, kodi ya mapato. Kinachobaki kuna nauli, kuna kodi ya chumba, kuna mama kijijini Muheza. Huyo ukimwambia weka nusu atakuona mwendawazimu, na atafanya wanavyofanya wengi, hataweka hata kumi. Ndo ubaya wa mashauri makubwa, yanampa mtu sababu ya kutofanya kidogo.

Wengi hawajui hata wana nini tayari. Mtumishi wa umma mwenye kima cha chini cha laki tano, kile kilichotangazwa Mei Mosi 2025 kutoka laki tatu na sabini, yeye anakatwa elfu 25 kwenda PSSSF, mwajiri anaongeza elfu 75. Ni laki moja kila mwezi inakwenda kwa jina lake. Kwa sekta binafsi ni asilimia 20 kwa jumla, na hapo ndipo ningependa watu wawe wakali, manake wako waajiri wanamkata mtu na hawapeleki. Mtu anakuja kujua ana miaka hamsini na tisa. Angalia michango yako, siku hizi inaonekana kwenye simu, isipofika ulizia mapema. Na ili ulipwe pensheni ya mwezi unatakiwa uwe na michango ya miezi 180, miaka kumi na tano hiyo, sasa mtu anakatisha kazi ana miezi 160 anaona bora achukue hiyo hela kidogo aanze biashara ya bati, eti. Ishirini tu ilikuwa imebaki!

Juu ya hapo weka kidogo, lakini ikatwe yenyewe kabla hujaishika, usitegemee moyo wako mwisho wa mwezi. Tuseme elfu thelathini. Ukiiweka mahali inapopata asilimia 10 kwa mwaka na usiiguse, miaka kumi utakuta kama milioni 6, miaka ishirini inakuwa kama 22 na laki nane, miaka thelathini inakwenda karibu 68, wakati ulichotoa mfukoni ni milioni 10 na laki nane tu. Faida haina mkataba, inapanda na kushuka, na bei nazo zitapanda, hiyo 68 ya baadaye haitakuwa 68 ya leo, bei zikipanda asilimia tatu kwa mwaka itanunua kama milioni 28 za sasa. Bado ni hela, na imetokana na elfu moja kwa siku. Angalieni pia kwamba ile miaka kumi ya mwisho ndo inabeba mzigo mkubwa, kwa hiyo wa miaka ishirini na tano anayeweka elfu thelathini anamshinda mbali wa arobaini na tano anayejinyima. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT ipo tangu 2005, hatifungani za serikali Benki Kuu zinaanzia milioni moja, wavuvi wetu wa Deep Sea na mama lishe wanaruhusiwa kujiunga NSSF kwa hiari hata bila mwajiri. Mvuvi wa dagaa yeye ana hela wakati wa giza, mbalamwezi hana, kwa hiyo asiambiwe habari ya tarehe moja kila mwezi, achangie giza likiwa zuri.

Kwenye kibubu msiweke. Hili silisemi kwa dharau, bibi yangu alikuwa nacho. Ila Benki Kuu ilipotoa tangazo kwamba noti za zamani, za tangu 1985 mpaka 2003, zibadilishwe kati ya Januari 6 na Aprili 5 mwaka 2025 na baada ya hapo basi, yupo mzee aliyekuja kuchimba chake mwezi Juni. Sitasema zaidi maana anasoma gazeti hili.

Halafu ile inayobaki itumie. Hapa ndo nagombana na mwandishi hasa. Ukishakatwa pensheni, ukishaweka elfu thelathini yako, ukishalipa ada, kilichobaki kula bila kujilaumu na kula kwa mpango, maana zipo raha zina tarehe. Mtoto wa miaka saba utakayemwogelesha Raskazone leo, ukija kustaafu yeye ana ndevu na hataki. Hija vilevile, watu wanaiahirisha mpaka magoti yamekwisha, halafu wanasukumwa kwenye kiti, wakati ni ibada ya kutembea. Kuna mwanachama wangu mmoja wa bandarini, mtu mzima wa heshima zake, mkewe alikuwa akimwomba miaka nenda rudi wapande Lushoto wakae siku mbili tatu tu, ndiko kwao mama yake huyo mkewe. Akawa anamwambia tumalizie madirisha kwanza. Bibie alifariki madirisha yako kwa fundi. Alipokuja kuchukua fedha za mazishi hakulia, alinisaidia hata kujumlisha. Ila mwezi uliofuata akaja kufuta mkopo wa marumaru, akasema, "Dada, hiyo iacheni."

Sikumshauri kitu, na sikujua ningemshauri nini.

Lipo moja la mwisho na ni la hatari kuliko sare zote. Wastaafu wanaweka rehani kadi zao za benki kwa hawa wa mikopo kausha damu. Pensheni ikiingia anayekwenda kutoa sio mzee, ni yule mkopeshaji, anamkatia mzee kidogo. Na ukifuatilia kwa nini alikopa, mara nyingi sana utakuta jibu lilelile la kwenye fomu zangu, alikuwa anamalizia. Anamalizia na miaka sabini! Ningekuwa na uwezo ningeweka sheria mtu akishatimiza hamsini na tano afunge ujenzi, kilichofika kimefika, apige chokaa ahamie.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni dogo. Msituletee tena makala ya kutuhesabia madera. Tuwekeeni jedwali la kikokotoo kwa Kiswahili cha kawaida, mshahara wa laki tano unatoka na ngapi, wa laki nane, wa milioni moja na nusu, mkupuo upande huu, ya kila mwezi upande huu, kwa miaka kumi na tano, ishirini na thelathini. Nusu ukurasa unatosha. Ramani za nyumba za vyumba vinne mnazitangaza kila wiki ukurasa mzima, na za rangi.

Karani wa hesabu,
Chumbageni, Tanga